Rozari: Jina lililotoka kwenye bustani ya maua

Wengi wanaijua rozari kama shanga zenye msalaba, za kuvaa shingoni au kuning'iniza kwenye kioo cha gari. Kumbe jina lenyewe limetoka bustanini! Kwa Kilatini, rosarium ni bustani ya waridi, na kila sala ilichukuliwa kama ua moja analopewa Bikira Maria.

Shanga zenyewe ni za kuhesabia tu. Enzi za Kati huko Ulaya, watawa walisali Zaburi zote 150. Waumini wasiojua kusoma wakasali Baba Yetu 150 badala yake, baadaye Salamu Maria. Bila kamba ya shanga, hesabu ingepotea njiani.

Ndiyo maana matendo ya rozari yalikuwa 15, kila tendo na Salamu Maria kumi: jumla 150. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II akaongeza matendo matano ya mwanga. Jumla ikawa 200, na ile hesabu ya Zaburi haipo tena.

Na tasbihi je? Hilo ni neno la Kiarabu, maana yake kumtukuza Mungu. Ni shanga za Waislamu, kwa kawaida 33 au 99, ila kamusi zinaliweka hata kwa rozari.