Vakansi kwenye theluji: mulima gani unafaa familia inayotoka Mutoshi?

Asubuhi ya mwezi wa 7, baridi ya Kolwezi inauma. Watoto wa Mutoshi wanatoka nje na pulovere mbili, pumzi yao inaonekana kama moshi, na kila mwaka kuko mumoja anayeuliza kwa nini theluji haianguki hapa kwetu. Muji uko juu ya metre 1 400, lakini hewa ya kipwa ni kavu na baridi yenyewe haifiki kiasi. Na milima yenye watoto wa hapa wanajua ni marundo ya udongo uliotolewa kwenye migodi.

Siku hizi kuko familia, zaidi sana zile zenye baba ao mama anayepata konje ya wiki mbili kwenye kampuni, zinazouliza swali hilo kwa ukweli: kama tunataka watoto waone theluji na wajifunze ski, twende wapi? Jibu linaanza na kalendari. Picha nzuri za kwenye telefone zinakuja nyuma.

Masomo yanafungwa mwanzo wa mwezi wa 7 na yanafunguliwa tena mwezi wa 9. Wakati huo Ulaya ni joto. Theluji ya Alpes ni ya mwezi wa 12 mupaka wa 4, na ya Oukaïmeden, kule Maroko juu ya muji wa Marrakech, ni karibu miezi ile ile. Kwa hiyo fasi hizo mbili zinafaa tu wakati wa Noeli, na siku zake ni chache. Mwenye ndugu Liège ao Bruxelles anaweza kufikiria, lakini ajue kwamba Ubelgiji wenyewe hauna milima: Botrange, fasi ya juu kuliko zote, ni metre 694 tu, na theluji yake inakuja ikitaka. Ndiyo maana masomo ya kule yanapeleka watoto katika nchi zingine kwa ajili ya ski.

Kuko pia mulima wetu wenyewe. Rwenzori ina Pic Marguerite, metre 5 109, ya tatu kwa urefu katika Afrika, na barafu iko juu yake mwaka mzima, hata kama inapungua sana. Upande wa Kongo uko ndani ya Parke ya Virunga, na njia inaanzia karibu na Mutwanga. Lakini hakuna ski kule. Ni kupanda kwa siku nyingi, katika matope, kisha kwenye mawe na barafu, kwa watu wazima wenye mazoezi. Na juu ya usalama wa eneo la Beni, wasomaji wa kule hawahitaji kuelezwa. Mutoto wa miaka nane hapelekwi huko kwa vakansi. Kilimanjaro nayo, metre 5 895, ni ya kupanda na miguu. Haina fasi ya kutelezea.

Inabaki kusini, yenye baridi yake inaanguka mwezi wa 6 mupaka wa 8, sawasawa na vakansi yetu. Afrika ya Kusini ilikuwa na Tiffindell, kule Eastern Cape, lakini fasi hiyo ilishafungwa zaidi ya mara moja. Si vizuri kujenga safari ya watoto juu yake. Ile inayofaa kufikiriwa ni Afriski, katika milima ya Maluti, kaskazini mwa Lesotho, juu ya metre 3 000. Mutelemuko wake mukubwa ni karibu kilometre moja. Mwenye kuzoea Alpes atacheka. Kwa familia yenye haijawahi kuvaa ski, inatosha: kuko fasi ya wanaoanza, walimu, na vifaa vya kukodisha. Sehemu ya theluji inatengenezwa na mashine, na mashine hizo zinahitaji usiku wa baridi kali. Mwaka wa joto, theluji ni ndogo. Familia iulize mbele ya kulipa kama feza inarudishwa.

Safari yenyewe: kilometre karibu 300 mupaka Lubumbashi, kisha ndege mupaka Johannesburg, kisha gari zaidi ya kilometre 400 kupitia Fouriesburg, mupaka wa Caledonspoort na Butha-Buthe. Kuko wanaotaka kuteremuka na gari yao kupitia Kasumbalesa kama malori ya shaba. Ni karibu kilometre 2 000 toka Lubumbashi mupaka Johannesburg tu, na foleni za mipaka. Na watoto nyuma, hapana.

Makaratasi ndiyo yanaharibu safari nyingi. Mukongomani anaomba viza ya Afrika ya Kusini, na hapa kuko mutego. Kuingia Lesotho ni kutoka Afrika ya Kusini, na kurudi ni kuingia tena. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kubakia kwenye mupaka na watoto wake, tikiti ya ndege mufukoni. Lazima kuomba ya kuingia mara mingi, na kuuliza mambo ya viza ya Lesotho wakati uleule, si kwenye barabara. Karatasi ya kuzaliwa ya kila mutoto inaenda pamoja, na muzazi anayesafiri peke yake achukue barua ya ruhusa ya mwenzake. Karata ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa kwa wanaotoka Kongo. Sindano ipigwe siku 10 mbele, kwa uchache. Gari ya kukodisha inahitaji barua ya kampuni inayoruhusu kuvuka mupaka.

Kisha afya, na hapa baba na mama wasiharakishe. Katika familia nyingi za kwetu kuko mutoto wa SS. Baridi, kiu na hewa yenye oksijeni kidogo ni vitu vitatu vinavyoweza kuamusha maumivu makali ya ugonjwa huo, na juu ya metre 3 000 vyote vitatu viko pamoja. Munganga anayemufuata mutoto aulizwe mbele ya kununua tikiti, na akisema hapana, ni hapana. Kama familia haijui hali ya damu ya watoto, kipimo kifanywe kwanza. Mwenye AS kwa kawaida hana shida, lakini yeye pia aseme kwa munganga.

Hata mutoto muzima anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kukataa chakula siku ya kwanza. Ni vizuri kulala usiku mumoja Butha-Buthe, chini, na kupanda muchana kesho yake. Kilima cha Moteng ni kikali na asubuhi barabara inaweza kuwa na barafu. Mutoto akipumua kwa shida, dawa ni kuteremuka, palepale. Miwani ya jua ni lazima: theluji inarudisha mwangaza na kuchoma macho.

Juu ya garama, kitanda si kitu pekee. Kuko karata ya kupanda, mwalimu, viatu, ski, kofia ngumu, na nguo zisizopitisha maji. Jeans ikilowana, vakansi imekwisha. Mwanzo wa mwezi wa 7 masomo ya Afrika ya Kusini yako pia katika vakansi, na wikendi watu wa Johannesburg wanajaa. Katikati ya wiki, mwisho wa mwezi wa 7, ni afadhali.

Wazazi wanaoogopa kuanguka mbele ya watoto wamukumbuke Philip Boit wa Kenya, mukimbiaji aliyeona theluji mara ya kwanza akiwa mutu muzima, katika Finland, mwaka 1996. Mwaka 1998, Nagano, alifika wa mwisho katika kilometre 10 za ski, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda alimungojea kwenye mustari na kumukumbatia.

Na familia yenye hesabu ao munganga amekataa? Kundelungu iko upande wetu: uwanda wa juu wenye hewa nzuri, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya metre 300. Theluji haiko, viza haiko. Inaomba gari ya kupanda milima, na kuenda mwanzo wa vakansi, kwa sababu mwisho wa kipwa maji yanakuwa machache. Mutoto wa SS abebewe blanketi: usiku kule ni baridi kupita Mutoshi.