Gichandi: Kanuni za Mchezo kutoka Kibuyuni hadi Mtandaoni

Michezo ya kuigiza wahusika mezani, yaani ile ambayo wachezaji wachache huketi pamoja, kila mmoja akajitwalia mhusika na kusimulia atendayo, huku mmoja wao akisimamia mkondo wa kisa, haitegemei ubao kama drafti wala karata, bali hutegemea kitabu cha kanuni na ufasaha wa wanaocheza. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Miongo mingi kabla ya hapo, Wakikuyu wanaoishi kandokando ya Mlima Kenya walikuwa na mchezo wao wa maneno wenye chombo kilichofanya kazi inayokaribiana sana na ya kitabu cha kanuni. Mchezo huo ni gichandi, unaoandikwa gĩcandĩ kwa Kikuyu.

Gichandi ni jina la kibuyu na pia la utungo unaoimbwa kwa kibuyu hicho. Kibuyu hutiwa mbegu ndani ili kilie kinapotikiswa, na ganda lake huchorwa kwa ncha kali alama nyingi, ambazo kila moja humkumbusha mchezaji fumbo au ubeti fulani. Wachezaji ni wawili. Mmoja hutoa fumbo kwa wimbo, mwenziwe hulifumbua kwa wimbo vilevile kisha hutega la kwake, na hivyo hushindana na kusaidiana kwa wakati mmoja, kwa sababu utungo hauwezi kusonga mbele iwapo mmoja atanyamaza. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kuuelewa utaratibu huu. Katika vitendawili vya kawaida vya Kikuyu mtegaji husema “Gwata ndaĩ”, naye anayeshindwa kujibu hutozwa kĩgacwa, sawasawa na Mswahili anayeitikia “Tega” na kudaiwa mji. Gichandi ilikwenda hatua kadhaa mbele ya hapo: ilihitaji kujifunza kwa muda mrefu chini ya fundi, na aliyekiona kibuyu bila kufundishwa aliona michoro tu.

Mpaka huo kati ya aliyefundishwa na asiyefundishwa ndio uliowakabili wageni wa kwanza walioandika habari za mchezo huu. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi karibu na Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, wakakusanya vyombo vya Wakikuyu vilivyopelekwa Uingereza, na mwaka 1910 wakachapisha London kitabu kiitwacho With a Prehistoric People, ambamo kibuyu chenye alama kilielezwa. Kichwa cha kitabu, kinachowaita Wakikuyu watu wa kabla ya historia, kinadhihirisha mtazamo wa waandishi wake, ingawa ndani yake mna maelezo ya uangalifu kuhusu kazi za mikono. Ni jambo la kuzingatia kwamba Katherine Routledge alisafiri baadaye hadi kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki, ambako aliwahoji wazee kuhusu alama za rongorongo, mwandiko ambao haujasomeka hadi leo kwa kuwa waliojua kuusoma walikufa bila kurithisha ujuzi wao. Gichandi ilikaribia kupatwa na msiba kama huo.

Iliyoiokoa kwa kiasi ni kazi ya misheni. Mapadri wa Consolata waliofika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 waliifanya Nyeri kuwa makao yao, wakaanzisha huko kiwanda cha uchapishaji ambacho mwaka 1933 kilitoa kitabu cha Padri Cagnolo, The Akikuyu, kuhusu mila na hadithi. Mwenzao wa shirika hilo, Vittorio Merlo Pick, alikwenda mbali zaidi: aliyaandika maneno yenyewe ya waimbaji kwa Kikuyu, akaongeza tafsiri na maelezo ya mafumbo, na kazi hiyo ikachapishwa Bologna, Italia, mwaka 1973 kwa jina la Ndaĩ na Gĩcandĩ. Kutoka kitabu hicho mtu aweza kujua kilichosemwa, wala si umbo la kibuyu pekee.

Wakati kitabu kinatoka, wachezaji wenyewe walikuwa wamepungua sana. Gichandi ilihitaji soko, njia wazi na watu wenye uhuru wa kukusanyika, na vyote hivyo viliondolewa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, na kudumu hadi Januari 1960. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na kuwekewa amri ya kutotoka usiku, na aliyetaka kusafiri alihitaji kibali. Mwea, tambarare iliyo kusini mwa mlima katika Kaunti ya Kirinyaga ya leo, iligeuzwa kuwa mlolongo wa kambi za wafungwa wa Mau Mau, na wafungwa hao ndio waliochimba mifereji ya kwanza ya mashamba ya mpunga ambayo sasa yanatoa sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya. Walioishi Mwea baada ya hapo walitoka sehemu mbalimbali wakiwa hawana ardhi, na yaelekea fundi wa gichandi aliyeng'olewa kwao hakuwa na urahisi wa kumpata mwanafunzi wala mshindani.

Wasomi waliirudia baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mchezaji wa gichandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ. Kimani Njogu, anayejulikana kwa walimu wa Kiswahili kupitia Ufundishaji wa Fasihi alioandika pamoja na Rocha Chimerah, alichapisha mwaka 1997 makala kuhusu sauti nyingi zinazokutana katika utungo huo, na katika kitabu chake cha 2004, Reading Poetry as Dialogue, akausoma ushairi wa Afrika Mashariki kama majibizano, aina ambayo pwani inaifahamu tangu zama za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa. Hoja yake ina uzito, kwa maana inauondoa mchezo huu katika kabati la makumbusho na kuurudisha katika fasihi.

Ulimwengu wa kidijitali umeleta tatizo la namna nyingine, na hapa historia ya vitabu vya kanuni vya Marekani inasaidia kulifafanua. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR, mchapishaji wa awali wa Dungeons & Dragons, ilitoa kiini cha kanuni zake chini ya leseni huria, yaani ruhusa ya jumla iliyomwezesha mtu yeyote kuzinakili na kujengea juu yake. Aprili 2009 kampuni hiyohiyo iliziondoa sokoni nakala zake zote za PDF kwa kuhofia uharamia, na hazikurudi hadi Januari 2013. Mwaka 2014 kanuni za msingi zilitolewa bure, wakati kitabu cha mchezaji kiliuzwa kwa dola 49.95, na Januari 2023, baada ya jaribio la kuibana leseni ya zamani kupingwa vikali na wachezaji, kiini cha kanuni kiliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa tena. Kijana wa Wang'uru, mji wa Mwea, mwenye simu na bando anaweza leo kuzisoma kanuni hizo bila kulipa senti kwa mtu yeyote.

Kijana huyohuyo akitafuta gichandi atakuta hali iliyopinduka. Katherine Routledge alifariki mwaka 1935 na mumewe mwaka 1939, na kwa kuwa sheria ya Uingereza hulinda maandishi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, kitabu chao kimekuwa mali ya umma na kinapatikana mtandaoni kikiwa kizima. Kitabu cha Merlo Pick, chenye maneno ya wachezaji, bado kimo ndani ya ulinzi kama huo kwa sheria ya Italia. Kwa hiyo maelezo ya mgeni aliyekitazama kibuyu yako huru, ilhali utungo ambao kibuyu kilichorwa kwa ajili yake umefungwa, na haki yake ya kunakiliwa haiko mikononi mwa jamii iliyoutunga. Hili si kosa la padri, ambaye pasipo juhudi zake pengine hakungekuwa na cha kugombaniwa, lakini ni dhuluma ambayo haifai kuachwa jinsi ilivyo.

Kenya inayo sheria inayohusika na jambo hilo. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni, Namba 33 ya mwaka 2016, inatambua haki za jamii juu ya mashairi, hadithi na vitendawili vyake, inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kuvikusanya na kuviandikisha, na inaagiza kuwe na hifadhi ya kidijitali chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa gichandi, picha ya kibuyu na maandishi ya beti havitatosha, kwa sababu kila alama inapaswa kuunganishwa na ubeti wake na kila ubeti na jibu lake, kwa sauti mbili zinazosikika zikipokezana, ili mwanafunzi ajue pale anapotakiwa kuingia. Nyeri na Kirinyaga zikiamua kuianza kazi hiyo, hatua ya kwanza itakuwa kuwatafuta wazee wanaokumbuka mchezo, na ya pili kuliandikia barua shirika la Consolata kuomba ruhusa ya kukitumia kitabu cha 1973.