Jiwe, Tepu, Seva: Historia Ambayo Haiko Kwenye Mtihani

Mtihani ninaojiandalia hauna swali hata moja la historia. Ni mtihani wa cheti cha wasimamizi wa Relativity, programu ambayo mawakili hutumia kupekua barua pepe na faili za kompyuta kesi inapokuwa kubwa kuliko macho ya watu. Ilitengenezwa Chicago na kampuni iliyoitwa kCura, ambayo mwaka 2017 iliamua kujiita jina la programu yenyewe. Mwongozo unataka nijue kupanga nani aone faili gani, kuondoa nakala zinazojirudia, kuziba kwa weusi sehemu za siri za wakili na mteja wake, halafu kutoa kifurushi cha nyaraka kwa upande wa pili. Ni vitufe juu ya vitufe, na vitufe vinakaririka.

Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba kila kitufe kina babu yake. Chukua namba ya Bates. Kila ukurasa unaotolewa hupigwa namba yake, na kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde chache. Bates alikuwa mtu: Edwin Bates wa New York, ambaye miaka ya 1890 alibuni mashine ya mkono inayopiga namba kwa wino kisha kujisogeza yenyewe hadi namba inayofuata. Leo hakuna chuma wala wino, ila kazi ni ileile. Ukurasa ukinyofolewa, pengo linaonekana.

Na pengo ndilo jambo lenyewe. Mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza, zetu zikiwemo, zimekuwa zikijiuliza kwa miaka mia tatu: mtu aliyeshika ushahidi akiuficha au akiuharibu, tufanyeje?

Jibu la kwanza maarufu lilitoka London mwaka 1722. Kijana mmoja maskini, mfagiaji wa mabomba ya moshi, aliokota pambo lenye kito. Akalipeleka kwa sonara Paul de Lamerie ili aambiwe thamani yake. Msaidizi wa duka akajifanya analipima, kumbe anachomoa jiwe. Kijana akapewa senti chache. Akazikataa, akataka mali yake, akarudishiwa fremu tupu. Alipofika mahakamani kulikuwa na tatizo: jiwe halipo, nani ajue lilikuwa na thamani gani? Jaji Mkuu Pratt aliwaambia wazee wa baraza kwamba sonara asipolileta jiwe, wao wachukulie lilikuwa la daraja la juu kabisa linaloweza kuingia kwenye fremu ile, na walipishe kwa kiwango hicho.

Hebu litafakari hilo. Mahakama haikumwambia yule kijana athibitishe kitu ambacho mwenzake ndiye alikificha. Ilimgeuzia mfichaji mzigo.

Karibu miaka mia tatu baadaye, jiwe limekuwa tepu. Laura Zubulake aliuza hisa katika benki ya UBS huko Marekani, akaishtaki mwaka 2002 kwa ubaguzi dhidi yake kama mwanamke. Alisema ushahidi uko kwenye barua pepe za wakubwa wake. Barua nyingine zilikuwa zimefutwa. Nakala zilikuwa kwenye tepu za akiba, na baadhi ya tepu hizo zilipotea. Jaji Shira Scheindlin alitoa mfululizo wa maamuzi kati ya 2003 na 2004 ambayo hadi leo ndiyo msingi wa fani hii. Alisema mtu akishaona kesi inakuja, lazima asimamishe ufutaji, na wakili wake ana jukumu la kufuatilia kwamba umesimama kweli. Mwishoni aliliambia baraza la wazee kwamba lina ruhusa ya kudhani barua zilizofutwa zingeiumiza benki. Aprili 2005 baraza likampa Zubulake zaidi ya dola milioni 29.

Mwaka uliofuata, Desemba 2006, kanuni za mahakama za shirikisho za Marekani zikabadilishwa ili zitaje waziwazi nyaraka za kielektroniki. Kile kitufe ninachojifunza cha kumtumia mfanyakazi ilani ya "usifute chochote" kina mizizi hapo. Ila sheria nayo hurudi nyuma. Tangu Desemba 2015, katika mahakama hizo, uzembe peke yake hautoshi kumfanya jaji aamuru baraza lidhani mabaya kuhusu data iliyopotea. Lazima ionekane kuna aliyekusudia kumnyima mwenzake ushahidi. Sonara wa leo angejitetea kwamba jiwe lilidondoka tu.

Sisi Wakenya tulilipata somo hili kwa njia yetu. Agosti 2017 Raila Odinga alipopinga matokeo ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu iliamuru IEBC ifungue seva zake, wataalamu wa walalamishi wazikague. Tume haikuzifungua jinsi ilivyoamriwa. Septemba 1, majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na David Maraga, walifuta matokeo. Haikuwa sababu pekee, maana hata fomu zilikuwa na kasoro. Lakini katika maelezo yao majaji hao walisema kwamba tume ilipokaidi amri, mahakama haikubaki na njia ila kuyakubali madai ya walalamishi kuhusu mfumo ule. Wakenya wengi walipiga vigelegele na wengine wakakasirika. Wachache walijua kwamba nyuma ya hoja hiyo alikuwepo mfagia moshi.

Sasa, kuna swali ambalo kanuni hii hulikwepa. Je, mtu akichoma ushahidi kabla hata hujajua utamshtaki?

Kabla ya uhuru, maofisa wa kikoloni Nairobi walizigawa faili zao. Zile zilizoitwa "Legacy" ziliachiwa serikali mpya. Zile za "Watch" ziligongwa muhuri wa herufi W, zikazuiwa zisishikwe na Mwafrika yeyote. Waziri wa Makoloni Iain Macleod alikuwa ameagiza mwaka 1961 kwamba zisirithishwe karatasi za kuiaibisha serikali ya Malkia. Nyingi zilichomwa moto. Nyingine zilisafirishwa Uingereza kimyakimya, na mwishowe zikawekwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire.

Mwaka 2009 wazee watano, Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata wakati wa hali ya hatari. Wanahistoria waliwasaidia, akiwemo David Anderson, ambaye alieleza mahakama kwamba kuna faili zilizoondoka Nairobi na hazijulikani ziko wapi. Mapema 2011 serikali ikakiri kwamba inazo. Za Kenya zilikuwa takriban 1,500. Jumla, kutoka makoloni 37, zilifika 8,800. Juni 6, 2013, William Hague alisimama bungeni akatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Hii ndiyo kazi ninayoisomea, ingawa mwongozo hauisemi hivyo: kumlazimisha mwenye nguvu aweke karatasi mezani. Nayo ina mipaka. Kesi ya pili, ya walalamishi zaidi ya 40,000, ilitupwa London mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa muda mrefu uliokuwa umepita. Zile zilizochomwa hazikumgeuzia mtu yeyote mzigo.

Kuna namna nyingine ya kupoteza ushahidi, na hiyo haihitaji kiberiti. Relativity hutafuta maneno kwa injini iitwayo dtSearch. Ukiiambia ifuate shina la neno la Kiingereza, itakuletea ndugu zake wote, kwa kuwa Kiingereza huongeza viungo vyake mkiani. Kiswahili chetu hubeba mizigo kichwani. Andika "lipa", na "alilipa", "hawajalipwa", "tutakulipa" na "malipo" zitakupita hivihivi. Dawa ni kuweka nyota mbele na nyuma, *lip*, halafu uvumilie kila "payslip" na kila Philip aliyewahi kuandika barua.

Hapo bado hujafika kwenye lugha ya watu. Orodha ya maneno ikitoka kwa wakili wa ng'ambo, atatafuta "hongo". Nani huandika hongo? Watu huandika "chai", "kitu kidogo", "mzee amesema umwone". Ukitafuta "chai" nayo, utaletewa mikutano yote ya saa nne yenye chai na mandazi, na lazima awepo mtu wa kuisoma moja moja ajue ni chai gani. Faili yaweza kuhifadhiwa salama, ikapigwa namba, ikatolewa kwa upande wa pili bila ujanja wowote, na bado isionekane na yeyote.

Faili za Hanslope zilitoka kwa sababu kulikuwa na watu waliojua waulize nini. Ndiyo maana kando ya mwongozo nina daftari ambalo halitatahiniwa. Limejaa maneno tunayoyatumia hapa tukitaka jambo lieleweke bila kusemwa, na kila juma linaongezeka.