Paa Lisilo na Jina: Wachoraji wa Mbali na Majina ya Mahali, kutoka Bulongwa hadi Mugumu

Mwaka 1895 wamisionari wa Misheni ya Berlin walifungua kituo Bulongwa, katika milima ya Wakinga ambayo leo imo katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Katika muongo huohuo, mjini Berlin kwenyewe, Richard Kiepert alikuwa akiandaa ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kipimio cha 1:300,000, kazi iliyokuja kukamilishwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Wachoraji hao walikaa mezani, mbali na milima waliyoichora. Malighafi yao ilikuwa shajara za wasafiri: saa za mwendo, mwelekeo wa dira, mito iliyovukwa, na majina yaliyosikiwa njiani kutoka kwa wapagazi, majumbe na wapita njia. Pale msafiri alipopita, karatasi ilijaa majina. Pale asipopita, ilibaki nyeupe. Ilikuwa, kwa maana halisi, ramani ya masikio. Nyumba za watu hazikuwamo.

Zaidi ya karne moja baadaye mchoraji wa mbali amerudi, safari hii akiwa mtu wa kujitolea mbele ya kompyuta ya nyumbani. Makala haya yanadai kwamba kurudi kwake kumegeuza tatizo la zamani juu chini. Ramani ya Kiepert ilikuwa na majina bila nyumba. Ramani ya mtandaoni ina nyumba bila majina. Na pengo hilo la pili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi.

Mradi wa OpenStreetMap ulianzishwa Uingereza mwaka 2004 ili mtu yeyote aweze kuchora, kusahihisha na kutumia ramani bila malipo. Thamani yake kwa wenye shida ilidhihirika Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, ambapo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi waliichora Port-au-Prince wakiwa majumbani mwao kwa kufuatisha picha za setilaiti. Mwaka 2014 mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na timu ya kibinadamu ya OpenStreetMap yaliunda mpango wa Missing Maps, ili maeneo yasiyochorwa yachorwe kabla maafa hayajafika. Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Eneo hugawanywa katika miraba midogo. Mtu huchagua mraba mmoja, huzungushia mstari kila paa, hufuatisha kila barabara na njia ya miguu, kisha mwingine huhakiki. Haulizwi shahada. Anachohitaji ni intaneti, kipanya na uvumilivu.

Tanzania iliingia katika historia hii mwaka 2015 kwa milango miwili. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam kwa sababu ya mafuriko, na iliwategemea sana wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa yenyewe. Crowd2Map ilianzishwa na Janet Chapman wa Tanzania Development Trust, na chimbuko lake lilikuwa Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Huko Rhobi Samwelly alikuwa akiongoza nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kuufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, lakini sheria haiendi yenyewe kijijini. Desemba, msimu unapofika, taarifa huja kwa simu, mara nyingi usiku: msichana fulani, kitongoji fulani. Waokoaji na polisi wanapaswa kukifikia kitongoji hicho kabla ya alfajiri. Katika ramani zilizokuwapo, sehemu kubwa ya vijiji vya eneo hilo haikuwamo kabisa.

Maelfu ya watu wa nje wakaanza kuchora, na mapaa yakajaa kwenye kioo. Hata hivyo, msichana anayepiga simu hatoi latitudo, anatoa jina. Mtu aliyeketi London au Warsaw aliweza kuona bati likimeta na njia inayoshuka mtoni, lakini setilaiti haina sikio. Ndiyo maana kazi ya nusu ya pili iliwaangukia walimu, wanafunzi na viongozi wa vijiji, ambao walitembea na simu zao wakiandika majina ya vitongoji, zahanati, shule na makanisa. Sifa nyingi hupewa kompyuta za mbali. Uzito wa kazi, kwa yeyote anayeifuatilia kwa makini, ulikuwa miguuni.

Hapo isimu inaingia. Kikuria kina irabu saba, ilhali tahajia ya Kiswahili ina tano. Jina lililotamkwa na bibi na jina lililoandikwa na mjukuu wake katika ujumbe wa simu huenda yasilingane. Makete inatoa mifano iliyo wazi zaidi. Kata ya Mbalatse ina mfuatano wa konsonanti ambao mwandishi aliyezoea Kiswahili hushawishika kuubadilisha. Kata ya Mang'oto ina king'ong'o ambacho huandikwa kwa alama ya ritifaa, na ritifaa katika kompyuta si moja: kuna iliyonyooka, kuna iliyopinda, na kuna mwandishi anayeiacha kabisa. Kwa msomaji, Mang'oto ni Mang'oto. Kwa mashine isiyofundishwa, hayo ni majina matatu, na anayetafuta moja halipati jingine.

Kuna pia tabaka za wakati. Wajerumani waliacha Jakobi karibu na Njombe na Pommern upande wa Iringa. Wenyeji hawakuyafuta majina hayo. Waliyatia katika sauti zao yakawa Yakobi na Pomerini, hili la pili likiwa limepata mwisho unaofanana na kiambishi cha mahali cha Kiswahili, kana kwamba lilizaliwa hapo. Kituo cha Yakobi kilishambuliwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, na bado jina lilidumu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu huku majina mengine yakihama nao na mengine yakibaki kwenye mahame. Makete ikawa wilaya mwaka 1979, na Njombe ikawa mkoa mwaka 2012. Kila mara orodha rasmi iliandikwa upya, kwa Kiswahili.

Hifadhidata ya OpenStreetMap inaruhusu mahali pamoja pawe na jina kuu, jina mbadala, jina la zamani na jina la lugha mahususi. Nafasi ipo, kinachokosekana ni mtu wa kuijaza. Utafiti wa majina ya mahali katika vyuo vyetu umejikita zaidi katika maana na asili, jambo jema, lakini aghalabu huishia maktabani bila kufika katika ramani ambayo dereva wa gari la wagonjwa huifungua.

Uwazi huo una gharama yake. Ramani ya Kiepert ilihudumia dola; ramani huria humhudumia yeyote, akiwamo anayemtafuta msichana ili amrudishe. Paa la anayehitaji ulinzi ni afadhali libaki bila jina. Jina la kitongoji ni suala jingine, maana bila hilo gari halijui lishike njia ipi.

Mkusanyaji anayefika katika kitongoji cha Makete na kuuliza, "Hapa panaitwaje?", anaweza kujibiwa na kijana kwa jina lililo kwenye muhuri wa mwenyekiti, na mzee aliyeketi kando akatoa jingine la Kikinga. Simu yake inamwonyesha kwanza sehemu moja tu ya kuandika. Ya pili imo ndani zaidi, na inambidi aitafute.