David Cox na Ukuta wa Maonyesho

Kazi ya mchoraji ina nyuso mbili. Uso wa kwanza huonekana na watu wote: picha iliyotiwa katika fremu ya dhahabu na kutundikwa ukutani. Uso wa pili umefichika, nao ni miezi ya kutembea, kulowa mvua, kuharibu karatasi na kuhesabu fedha. David Cox, aliyezaliwa Birmingham nchini Uingereza mwaka 1783 na kufariki mwaka 1859, aliishi zaidi ya miaka arobaini baina ya nyuso hizo mbili. Maisha yake yanafunza jambo ambalo aghalabu husahauliwa: maonyesho yaliyompa mchoraji wa rangi za maji uhuru wake, hayo hayo yalimwekea hakimu.

Kabla ya karne ya kumi na tisa, mchoraji wa namna hiyo alikuwa mgeni katika nyumba ya wengine. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilichoundwa London mwaka 1768 kilifanya maonyesho kila mwaka, lakini heshima yake iliwaelekea wenye kutumia rangi za mafuta. Rangi za mafuta ni nzito na hung'aa kutoka mbali; rangi za maji ni nyepesi, na nuru yake hutoka katika weupe wa karatasi yenyewe. Zikitundikwa pamoja, ya pili humezwa na ya kwanza. Tena, mtu aliyetumia rangi za maji peke yake hakuwa na tumaini la kuchaguliwa kuwa mwanachama wa chuo hicho. Kwa hiyo mwezi Novemba mwaka 1804 wachoraji kadhaa waliunda chama chao wenyewe, na mwezi Aprili mwaka 1805 wanachama 16 walifungua maonyesho yao ya kwanza katika mtaa wa Lower Brook Street. Picha zilizotundikwa zilikuwa 275, na watu zaidi ya elfu kumi na moja walilipa kiingilio ili kuzitazama. Ilidhihirika kwamba rangi za maji zinaweza kusimama bila ya kuegemea ukuta wa mwingine.

Wakati huo Cox alikuwa kijana asiyejulikana. Alikuwa amejifunza kuchora picha ndogo ndogo za kupambia vifuniko vya vijaluba, kisha akawa mpaka rangi wa mapazia ya michezo ya kuigiza. Alifika London mwaka 1804 akitarajia kazi ya namna hiyo hiyo. Ili apate chakula, aliwauzia wachuuzi picha zake kwa gini mbili kwa dazeni. John Varley, mmoja wa waanzilishi wa chama, alimfundisha, na alipotambua kwamba mwanafunzi wake ni mchoraji na tena ni fukara, akakataa malipo. Mwaka 1812 Cox alichaguliwa kuingia katika chama, na tangu mwaka uliofuata hadi mwaka wa kufa kwake ni mara chache sana maonyesho yalipofunguliwa bila ya kazi zake.

Kuchaguliwa, hata hivyo, si kushiba. Mwishoni mwa mwaka 1814 alihamia Hereford, mji mdogo karibu na mpaka wa Wales, akawa mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Akakaa huko mpaka mwaka 1827. Hapo ndipo mwendo wa mwaka wake ulipojipanga kama mwendo wa mkulima. Wakati wa kiangazi alisafiri, hasa Wales, akachora papo hapo uwanjani: milima, madaraja, mabua yaliyokatwa, na wasafiri wakipambana na upepo. Michoro hiyo haikuwa bidhaa, ilikuwa mbegu. Wakati wa baridi, saa zilizobaki baada ya masomo, aliikalia katika chumba chake na kutoa humo picha kubwa zilizokamilishwa kwa ajili ya ukuta. Majira ya kuchipua yalipowadia alizipeleka London, akaangalia wenzake wamefanya nini, akarudi kwa wanafunzi wake.

Kazi ya kukamilisha ilikuwa na mashaka ya pekee. Anayetumia rangi za mafuta akikosea hufunika kosa kwa rangi nyingine. Anayetumia rangi za maji huanza na tabaka hafifu, akasubiri likauke, akaongeza jingine lililokolea zaidi. Weupe alioupoteza ni vigumu kurudi, ila kwa kukwangua kwa kisu au kufuta kwa sifongo. Na maonyesho yaliongeza uzito juu ya uzito huo. Picha zilizotundikwa zikibanana, kila moja katika fremu ya dhahabu, zilishindana kwa nguvu ya rangi na kwa wingi wa mambo madogo madogo yaliyochorwa kwa uangalifu. Mnunuzi alipenda kuona kwamba fedha zake zimenunua saa nyingi za kazi. Hivyo wachoraji wengi walijifunza kuilazimisha rangi ya maji iigize rangi ya mafuta, ile ile waliyoikimbia mwaka 1804.

Cox alichukua njia nyingine. Katika kitabu cha mafunzo alichoanza kukitoa mwaka 1813 alikuwa amekwisha kueleza kwamba kiini cha kuchora mandhari ni kuifikishia akili ya mtazamaji nguvu ya jambo zima, si kuhesabu majani ya mti. Kadiri alivyozeeka, mkono wake uliifuata kanuni hiyo kwa ujasiri zaidi. Mwaka 1836 alipata karatasi nene ya kufungia vitu, iliyotengenezwa Dundee huko Scotland. Ilikuwa ya kukwaruza, haikuwa nyeupe sawasawa, na ilikuwa na vidoadoa vya makapi. Lakini ilinyonya rangi upesi na kuupokea mkono wenye haraka. Akanunua bunda zima kwa pauni 11, na baadaye akajuta kwamba hakununua zaidi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa afanyeje na vidoa vikitokea angani, alijibu kwamba huvitia mabawa vikawa ndege.

Mwaka 1841 aliiacha London na kwenda kukaa Harborne, karibu na mji wa kuzaliwa kwake, na tangu mwaka 1844 akawa akienda karibu kila mwaka Betws-y-Coed katika milima ya Wales. Kutoka huko zilitoka picha za mvua na dhoruba ambazo leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Kutoka huko pia ulitoka ugomvi wake wa kimya na ukuta. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Cox alicheza kwao, asitunzwe kila mara. Mwaka 1853, alipokuwa na umri wa miaka 70, alilalamika katika barua kwamba halmashauri ya chama iliziona picha zake kuwa hazikulainishwa vya kutosha. Walisahau, kwa maoni yake, kwamba zile ni kazi za akili, na kwamba kazi ya akili iko mbele sana ya picha inayonakili mahali tu. Mwaka huo huo alipatwa na kiharusi kilichomdhoofisha pamoja na macho yake. Hakuacha kuchora, wala hakuacha kupeleka picha London.

Hilo la mwisho lastahili kutafakariwa. Mtu aliyeona kwamba wenzake hawamwelewi angeweza kujitenga, akachora kwa ajili ya sanduku lake. Cox hakufanya hivyo, kwa kuwa alijua kwamba bila ya ukuta ule asingekuwa na jina wala mlo, na chama kile kilikuwa kimempandisha kutoka katika dazeni za wachuuzi. Lakini hakukubali pia kwamba ukuta ndio unaoamua picha imekwisha lini. Aliulipa deni lake kwa kuleta kazi kila mwaka, akabaki na haki ya kuileta kama alivyoiona.

Thamani ya fedha ilimfuata kwa kuchelewa. Katika maonyesho ya mwaka 1850 picha yake ya shamba la majani makavu iliuzwa kwa gini 50. Mwaka 1875, miaka 16 baada ya kifo chake, picha hiyo hiyo iliuzwa mnadani kwa gini 2,810. Katika karatasi ile hapakuwa na tone moja la rangi lililoongezeka; yaliyobadilika ni macho ya watazamaji.