Spika za pande zote: kutoka tarumbeta nne hadi koni ya Walsh

Spika ya kawaida humpendelea aliyekaa mbele yake. Muundo wake, wa koili inayosukuma koni kwenye nguvu ya sumaku, ulielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, na mpaka leo ndio unaotawala. Kasoro yake hutokana na urefu wa mawimbi. Besi ya mitikisiko 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4, hivyo huizunguka koni na kuenea kila upande. Sauti nyembamba ya mitikisiko 10,000 ina wimbi la sentimita 3.4 tu, nayo hutoka kwenye koni pana ikiwa imebanana kama mwanga wa tochi. Aliye pembeni husikia mvumo, lakini maneno humpotea.

Nakuru, Kenya, na miji jirani ya Bonde la Ufa hulimaliza tatizo hili kwa hesabu rahisi: juu ya mnara wa msikiti hufungwa spika kadhaa za umbo la tarumbeta, mara nyingi nne, kila moja na upande wake. Ndani ya tarumbeta mna kiwambo kidogo, na njia ya sauti imekunjwa ili pembe ndefu ienee katika umbo fupi. Besi hakuna, ila maneno hufika mbali na mvua haiidhuru. Udhaifu uko kwenye mipaka: pale sauti za tarumbeta mbili zinapokutana, baadhi ya mawimbi huuana.

Lincoln Walsh, mhandisi wa Marekani, alitaka spika moja ifanye kazi ya zote. Katika hataza aliyopewa mwaka 1969, koni imesimamishwa ncha juu, mdomo chini. Koili hutikisa ncha. Mtikisiko huteremka kwenye ukuta wa koni kwa kasi inayozidi ile ya sauti hewani, ambayo ni takriban mita 343 kwa sekunde. Kila pete ya koni hutoa sauti kwa zamu yake, na kwa kuwa mwinamo wa ukuta umepimwa, sauti hizo huondoka pamoja kama wimbi moja la mviringo. Ni wazo zuri ajabu. Walsh alifariki mwaka 1971 kabla halijafika sokoni. Kampuni ya Ohm ya New York ndiyo iliyoliuza. Koni ya toleo la F ilikuwa titani juu, alumini katikati, karatasi chini, na ilidai amplifaya yenye nguvu nyingi.

MBL, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1979, iliacha koni. Spika yake ni vibamba vilivyopindwa kama maganda ya tikiti. Koili ikivibana, vinatutumka pande zote kwa pamoja.

Spika hizi ni za sebuleni, ambako kuta huirudisha sauti kwa msikilizaji. Katika uwanja kama Afraha wa Nakuru hakuna kuta, na sehemu kubwa ya nguvu inayomwagwa kila upande hupotea, kwa hiyo tarumbeta inayoikusanya ndiyo inayofaa. Huko sauti huvuka pia ua wa jirani, na kelele za aina hiyo zinabanwa na kanuni za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tarumbeta ikiinamishwa kidogo kuelekea wasikilizaji, sauti huwafikia vizuri hata kwa nguvu ndogo zaidi, na inayovuka kwa jirani hupungua.