Nauli Ilivyochora Dar es Salaam

Mtu anayetafuta kiwanja Chanika, Chamazi au Kibamba huuliza bei kwanza. Swali la pili dalali analijua kabla halijaulizwa: kutoka kituoni ni mwendo gani? Jibu hutolewa kwa dakika, na mnunuzi mzoefu hutaka kujua kama ni dakika za miguu au za bodaboda. Hapo hesabu inaanza. Bodaboda mpaka lami, daladala mpaka Mbezi au Mbagala Rangi Tatu, gari la pili mpaka Kariakoo au Posta, na jioni safari ileile kurudi. Kiwanja hulipiwa mara moja, au kwa awamu mbili tatu. Nauli hulipwa kila siku ya kazi kwa miaka yote mtu atakayoishi pale.

Hesabu hiyo ina umri mkubwa kuliko daladala yenyewe. Ndiyo iliyoamua, kuliko ramani yoyote ya mipango miji, Dar es Salaam ienee wapi.

Mwanzoni nauli ilikuwa miguu. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Waingereza walipouteka Septemba 1916, eneo la magharibi ya mji likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, na kutoka jina la Kiingereza la kikosi hicho likabaki jina la Kariakoo. Serikali ya Kiingereza ikaugawa mji mafungu matatu, kila kundi la watu na lake: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi uwatenge Waafrika na wengine. Kwa mgawanyo huo Mwafrika hakuwa na uchaguzi mkubwa wa mahali pa kuishi. Lakini ndani ya sehemu aliyoachiwa alichagua kwa makini.

Kibarua wa bandarini, kwa mfano, hakuwa na ajira ya kudumu. Alijitokeza asubuhi, akachukuliwa au akaachwa. Aliyekaa mbali aliingia kwenye kinyang'anyiro hicho akiwa amechelewa tayari. Chumba cha Kariakoo kilikuwa ghali na kimebanana, lakini kilimfikisha kazini kwa miguu, na hilo lilikuwa na thamani ya fedha. Makuli hao waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947, wakidai malipo yanayolingana na ughali wa maisha ya mjini. Kodi ya chumba ilikuwa sehemu ya ughali huo.

Nyumba iliyoupokea umati huu ni ile ambayo mpaka leo huitwa nyumba ya Kiswahili. Korido inapita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Mbele ni baraza, ambapo mama anakaanga vitumbua alfajiri na wazee wanacheza bao jioni. Mwenye nyumba hukaa na familia yake katika chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. J.A.K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950, aliikuta nyumba hii ya vyumba sita kila upande wa mji, ikiwa ndiyo akiba, pensheni na heshima ya mwenyewe. Kwa mtu wa kipato kidogo, kununua nyumba hakukuwa na maana ya kupata pa kulala peke yake. Kulikuwa kununua kodi ya vyumba vinne, na kodi hiyo ilitegemea umbali wa kutoka mlangoni hadi kazini kwa wapangaji.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulifura. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000. Ile ya 1957 ilikuta 128,742. Kariakoo haikutosha tena. Ilala ilikuwa imeshapimwa, na sasa serikali ikafungua Magomeni na Temeke, kwa viwanja na kwa nyumba za kota. Mwaka 1949 kampuni ya mabasi iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, DMT, ilianza kazi. Kwa mara ya kwanza karani au fundi aliweza kufikiria kukaa upande wa pili wa bonde la Msimbazi na bado akawahi ofisini. Magomeni ikawa mtaa wa watu waliojipanga: walimu, makarani, wanachama wa TANU. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ya siku zile za kudai uhuru iko hukohuko, na sasa ni makumbusho.

Uhuru ulibadilisha sheria za ardhi kuliko ulivyobadilisha hesabu ya mnunuzi. Umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, ardhi yote ikawa ya umma, na mtu akawa anapewa haki ya kuitumia kwa muda. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa nyumba nyingi za miti na udongo na kujenga za matofali mahali palepale. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kwa kawaida haikufika bei hiyo, na hivyo mwenye nyumba mdogo wa Uswahilini alinusurika. Ni jambo lisilosemwa sana, lakini lilimpa mfanyakazi wa kawaida sababu ya kuamini kwamba nyumba ndogo ni mali salama.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinahama kutoka bandarini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 katika barabara ya Morogoro, na kile cha zana za kilimo kikafuata Ubungo. Kati ya viwanda hivyo na mji palikuwa na Manzese. Hakukuwa na mpimaji aliyetangulia. Watu walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, wakajenga, na wafanyakazi wakapanga. Kengele ya zamu ilipolia mtu alitoka nyumbani kwa miguu akafika. Manzese mara nyingi huelezwa kama makosa ya mipango miji. Ukiitazama kutoka kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku asiye na basi saa nane, ilikuwa chaguo la busara kabisa.

Hata serikali ilikubali hivyo baadaye. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 1974, ilikata viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapitisha barabara na mabomba, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe. Manzese na sehemu za Mtoni na Tandika zikapewa barabara na maji bila kubomolewa. Aliyepata kiwanja Sinza wakati huo alilalamika kwamba amepelekwa porini. Miaka hamsini baadaye mitaa ile iliyonyooka bado inampa mwenye nyumba faida ambayo jirani yake wa Manzese hana: gari la zimamoto linapita, na lori la mchanga linafika mlangoni.

Kilichozuia mji kwenda mbali zaidi kilikuwa usafiri. DMT ilitaifishwa, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Sensa ya 1978 ilikuta watu 843,090. Mabasi yalizidiwa, na fedha za kigeni za vipuri na mafuta zikawa adimu. Yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, yaliondoka vituoni yamesheheni, na watu wakining'inia milangoni. Mfanyakazi aliyejenga Kimara au Mbagala katika miaka hiyo alijenga kwa imani, maana hakuwa na uhakika wa gari la kumpeleka mjini wala la kumrudisha.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na jina likaganda. Magari ya mwanzo yalikuwa ya kila aina, pamoja na pikapu zilizowekewa mabenchi, abiria wakitazamana uso kwa uso, ambazo wananchi waliziita chai maharage. Hayakuwa salama wala starehe. Lakini daladala lilikwenda popote palipokuwa na abiria, na abiria akajenga popote lilipofika. Katika miaka ishirini iliyofuata Dar es Salaam ilinyoosha vidole vinne: barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ya Pugu kuelekea Gongo la Mboto, ya Morogoro kuelekea Kimara na Mbezi, ya Bagamoyo kuelekea Tegeta na Bunju. Katikati ya kidole kimoja na kingine palibaki mashamba na mabonde, hadi vichochoro vya bodaboda vilipoyafikia. Idadi ya watu ilipanda kutoka 1,360,850 mwaka 1988 hadi 4,364,541 mwaka 2012.

Huku pembezoni nyumba hainunuliwi ikiwa imekamilika. Kinachonunuliwa ni kiwanja, mara nyingi ishirini kwa ishirini, au zamani kwa kuhesabu hatua za miguu. Mkataba huandikwa mbele ya mashahidi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, ofisi ikachukua asilimia yake. Kisha mafungu: mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali zinafyatuliwa palepale, boma linasimama mpaka lenta na kungoja. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu haikuwahi kuwafikia watu hawa kwa wingi. Benki ya Nyumba iliyoundwa mapema miaka ya 1970 ilifungwa mwaka 1995. Chumba kimoja kikipauliwa na kuwekewa mlango, familia inahamia. Kodi ya Magomeni au Tandika inakoma siku hiyo, na fedha yake inageuka saruji na nauli.

Nauli hiyo ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tiketi. Saa kumi na moja jioni, anayerudi Mbagala au Gongo la Mboto mara nyingi hapandi gari kituoni kwake. Hulidaka likiwa bado linakwenda mjini, akakaa kitini na kugeuza nalo, akalipa mara mbili ili asisimame saa moja na nusu kwenye foleni. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hufanya hivyo kwa sababu kundi la vijana wanaoruka ndani kupitia dirishani halimpi nafasi. Ukiongeza fedha ya kugeuza na ya bodaboda, kiwanja cha bei rahisi hupungua urahisi wake kila mwezi.

Na bei ndogo wakati mwingine ilikuwa na sababu ambayo muuzaji hakuitaja. Pembeni ya maghala ya silaha Mbagala na Gongo la Mboto watu walikuwa wamejenga kwa wingi. Milipuko ya Aprili 2009 na Februari 2011 iliwaua majumbani mwao. Katika barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara iliyowekwa tangu ukoloni ilifika mita 121.5 kutoka katikati ya lami kila upande. Wengi waliouziwa ndani yake waliishi miongo kadhaa, wakalipia umeme na maji. Mwaka 2017 alama nyekundu za X zilifuatwa na tingatinga. Ni vigumu kuielezea haki kwa mstaafu aliyeunganishiwa umeme na shirika la serikali hiyohiyo iliyombomolea. Alikuwa amechagua vizuri kwa kila kigezo alichoweza kukipima: karibu na lami, karibu na gari. Kigezo cha tatu kilikuwa kwenye ramani ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Msimbazi ulifundisha upande mwingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na serikali ikawagawia waathirika wa bondeni viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya mkoa. Viwanja vilikuwa bure na vikavu. Lakini mama ntilie wa Jangwani wateja wake walikuwa Kariakoo, na safari ya kwenda na kurudi ilimeza faida ya sufuria nzima. Baadhi waliuza au wakapangisha, wakarudi bondeni. Waliitwa wakaidi. Walikuwa wamepiga hesabu ileile ya kuli wa mwaka 1939.

Serikali ilijaribu kuuza viwanja vilivyopimwa. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulikata Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada, Gezaulole na kwingineko. Ulikuwa na hati, jambo kubwa kwa mnunuzi, lakini sehemu nyingi zilikaa miaka bila maji wala basi, na wenye magari ndio walioweza kungoja. Kibada na Gezaulole zilibaki ng'ambo ya kivuko hadi daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilipofunguliwa Aprili 2016. Mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni, nauli shilingi 650. Kwa wakazi wa Kimara ilikuwa kama mji umesogezwa. Kwa waliokuwa bado wanatafuta, viwanja vya Kimara vikawa vimewatoka mkononi, wakasukumwa Kibamba na Kiluvya.

Sensa ya 2022 ilionyesha walikokwenda. Dar es Salaam ilifika watu 5,383,728. Mkoa wa Pwani unaouzunguka, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668, sasa ulikuwa na 2,024,947. Wengi wa walioongezeka wako Kibaha, Mlandizi, Vikindu na Mkuranga, katika nyumba za tofali zisizopigwa plasta, na wengine huamka saa tisa usiku kuwahi kazi ya Kariakoo. Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na ina vituo Pugu, Soga na Ruvu; nauli ya kawaida hadi Morogoro wakati huo ilikuwa shilingi 13,000. Vipeperushi vya madalali vya Soga sasa vinataja umbali wa kiwanja hadi stesheni. Anayelipwa mshahara wa kima cha chini hawezi kupanda treni hiyo kila siku, na mpaka itakapokuwepo nauli ya msafiri wa kila asubuhi, ataendelea kununua kule ambako daladala inafika.